Kapeti za ndoano zinajikunja na vitanzi vinachomoka: kabla hujanunua gundi, geuza kapeti uangalie nyuma

SWALI: Shikamoo mama. Niko Moshi, nafundisha wadada ufundi kwenye kikundi chetu. Kapeti za ndoano, zile za kuvuta mikanda ya nguo kwenye gunia ikawa vitanzi, nilifundishwa na mgeni mmoja aliyekaa kwetu miezi michache, akaondoka akatuachia ndoano na mchoro mmoja wa tembo. Tunatumia magunia ya kahawa na makoti ya sufu ya mitumba. Shida ni kwamba kapeti zinajikunja, hazilali chini hata nikizipiga pasi, afu vitanzi vingine ukivuta kidogo tu vinachomoka. Nimeona video watu wanapaka gundi nyuma, na sisi tupake? Au tatizo ni gunia, tutafute kitambaa cha nje? Na kingine, wote wanatoa tembo yule yule, nikiwaambia kila mtu achore cha kwake wanasema hawajui kuchora. Tunataka tuwauzie watalii ila kwa hali hii naona aibu. Nisaidie mama yangu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeniuliza mambo matatu ukidhani kila moja lina dawa yake, kujikunja, kuchomoka na huyo tembo, na mimi nataka nikuonyeshe kwamba chanzo ni kimoja na kiko kwenye mchoro. Nitafika huko, ila tuanze na gundi maana najua ndo umeshaanza kuulizia bei.

Usipake. Zile video unazoziona wengi wanatumia mashine ya umeme inayoshikwa mkononi, inachoma uzi kwenye kitambaa kwa kasi kubwa kwa upande wa nyuma, na uzi ule unashikiliwa kidogo sana, kwa hiyo gundi kwao ni sehemu ya ufundi wenyewe, wakiiacha kapeti haijakamilika. Hii yetu ya ndoano ni kazi nyingine kabisa na imedumu miaka mingi bila gundi. Ukiipaka inakuwa ngumu, baada ya muda inapasuka na kutoa ungaunga, na siku kapeti ikichanika hakuna fundi wa kuirekebisha maana kila kitu kimeshikana. Na kuhusu kujikunja ndo kabisa, gundi itaigandisha kapeti na mkunjo wake hivohivo.

Sasa elewa nini kinashika kitanzi, maana ukielewa hapa mengine yote utajijibu mwenyewe. Gunia ni nyuzi zilizopishana na kati ya uzi na uzi kuna tundu dogo. Mkanda wako wa sufu ni mpana kuliko tundu, kwa hiyo ukiuvuta na ndoano unajikunja ili upite, ukifika juu unatanuka. Zile nyuzi za gunia zilizosukumwa pembeni zinataka kurudi mahali pake, na katika kurudi zinaubana mkanda. Ila kitanzi kimoja peke yake kinabanwa kidogo sana, ukivuta kinatoka, na hiyo ni kawaida wala isikutishe. Kinachokishika kisawasawa ni majirani, yaani kitanzi cha pili kinasukuma nyuzi kuelekea kwa cha kwanza, mstari wa pili unasukuma kuelekea wa kwanza, mpaka eneo lote linabanana na hakuna fundo hata moja mahali popote. Kwa hiyo ukiona vitanzi vinachomoka, ujue hapo pamewekwa vichache mno na majirani hawatoshi.

Upande wa pili ni kuzidisha. Siti ya Hiace ya watu watatu ukikalisha watano wataenea kwa kubanana lakini lazima mabega yatokeze nje, na vitanzi ndo hivohivo, vikibanwa kupita kiasi huko juu vinasukumana vikitafuta nafasi wakati gunia chini halina pa kutanukia. Matokeo yake katikati panavimba na kingo zinageukia chini. Ndo maana pasi haikusaidii, pasi inalainisha sufu tu, nafasi haiongezi.

Sasa wewe unasema una vyote viwili, kujikunja na kuchomoka, na hapo ndo nikajua shida iko wapi. Chukua kapeti moja ya mwanafunzi uigeuze. Nadhani utakuta kwenye tembo mwenyewe, hasa usoni na miguuni, mikanda imejaa mpaka gunia halionekani kabisa, afu huku pembeni kwenye eneo tupu linalomzunguka tembo mistari imeachana na gunia liko wazi. Yaani mkono uleule, mtu yuleyule, mahali pamoja kabana sana na pengine kaachia. Sababu yake ni mchoro, mkono hauna kosa.

Yule tembo bila shaka ana jicho, ana kucha, ana mikunjo ya sikio. Mchoro wa namna hiyo unataka mkanda mwembamba sana, wa milimita 2 mpaka 3, ambao wenzetu wanaukata kwa mashine maalum. Nyie mnakata koti kwa mkasi, mkanda wenu sidhani kama uko chini ya milimita 6, na mkanda wa milimita 6 unakula karibu milimita 6 za gunia kwa kila mstari. Ukucha wa tembo wenye upana wa sentimita 1 unaingiza mistari miwili kwa shida, mwanafunzi anataka ukucha uonekane basi anaongeza wa tatu, anafanya hivo kwenye kucha zote, anafanya kwenye jicho, kichwa kizima kinavimba. Akija kwenye eneo tupu amechoka, anataka kumaliza, anatawanya. Kwa hiyo sheria nawapa wanafunzi wote, kama mkanda wako ni wa milimita 6 umbo lolote lenye upana chini ya sentimita 2 liondoe kwenye mchoro au likuze. Sentimita 2 zinaingiza mistari mitatu kwa raha, na umbo linasomeka hata ukiwa mlangoni. Jicho liwe kitanzi kimoja cheusi, basi, linatosha.

Kipimo cha kujua umepatia hakihitaji rula. Upande wa juu wa kapeti, yaani usoni, vitanzi vigusane bila kusukumana na gunia lisionekane. Nyuma, gunia lionekane kidogo kati ya mstari na mstari, likiwa limefunikwa lote umezidisha. Usijaze kila tundu, kwa mkanda huo utaruka tundu moja, saa ingine mawili kutegemea gunia, jicho ndo linaamua. Urefu wa kitanzi uwe karibu sawa na upana wa mkanda, kikirefuka kinalala kikikanyagwa na kinanasa kwenye kila kitu. Na mkanda ukiisha, mwisho wake uvute juu, ukate usawa wa vitanzi, mkanda mpya uanzie kwenye tundu hilohilo ulipoishia wa kwanza. Wanafunzi wanapenda kurukisha mkanda huku nyuma kutoka sehemu moja kwenda nyingine ili wasikate, wakataze kabisa, ile mikanda inayopita juu ya mingine inatuna, inasagika sakafuni na ikikatika inavuta kila kitu.

Kuhusu mkono kuna jambo moja tu. Wote wanaangalia mkono wa juu wenye ndoano, wakati mkono unaofanya kazi ni ule wa chini unaoshika mkanda na kuupeleka kwenye ndoano. Vidole vya chini visiachie mpaka kitanzi kimesimama juu. Na wakati wa kuvuta, ndoano ilaze kidogo kuelekea kitanzi kilichotangulia, la sivyo kila unapovuta kipya, kile kilichotangulia kinashuka. Wanaojua kufuma masweta au vitambaa vya makochi wana mazoea ya kukaza uzi, hao utawaona vitanzi vyao vifupi mno, waambie mapema wasikaze.

Haya, gunia. Nisikufiche, hapa una hoja, japo sio chanzo cha shida uliyoniambia. Huu ufundi wenyewe ulikua hivohivo kwenye magunia, wanawake wa vijijini huko Maine, Marekani, na mashariki mwa Kanada karne ya 19 walichukua magunia ya juti yaliyomaliza kazi na nguo chakavu wakatengeneza kapeti za kukanyaga wakati wa baridi. Hata mitumba isikupe aibu mbele ya mtalii. Kule Newfoundland na Labrador, ambako leo ni Kanada, kwenye misheni ya daktari Wilfred Grenfell, wanawake walitengeneza kapeti kwa soksi ndefu za hariri zilizochanika ambazo watu walikuwa wanawatumia, na leo kazi zao zimo kwenye makumbusho. Lakini juti ina udhaifu wake, inakauka inakuwa ya kuvunjika, na ikipata unyevu inaoza. Kapeti nyingi za zamani sufu bado nzima, kilichokufa ni gunia chini yake. Na sisi huku tunadeki kila siku asubuhi na maji mengi, sasa kapeti ya gunia iliyoachwa sakafuni wakati wa kudeki haitafika mbali.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Gunia la kahawa litumike kujifunzia, kwa kapeti za kutundika ukutani na kwa foronya za makochi. Lishike kwenye mwanga kabla ya kulipia, nyuzi ziwe zimepangika sawa, lisiwe na madoa ya mafuta wala harufu ya uvundo, vuta uzi mmoja kwa mkono, ukikatika kirahisi rudisha. Usilifue, lianike juani kidogo, lipige pasi na kitambaa chenye unyevu. Mfuko wa salfeti achana nao, unateleza haushiki kitu, na gunia la mkonge ni gumu linakwaruza mikanda. Kapeti ya kukanyaga unayomuuzia mtu kwa bei ya maana, hiyo ndo utafute kitambaa cha kitani au cha pamba nzito chenye matundu, hata kama ni cha kuagiza, na gharama yake uiweke kwenye bei bila aibu. Ila usiagize sasa, wanafunzi wakiwa bado wanabana hivi utaharibu kitambaa cha gharama na kapeti itajikunja vilevile.

Makoti ya mitumba pale soko la Memorial ni hazina, mradi uhakikishe ni sufu kweli. Chomoa nyuzi mbili tatu uzichome, sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni, ikiyeyuka na kuganda kitonge kigumu ni plastiki. Ukishapata, fumua koti, toa bitana, fua kwa maji ya moto na sabuni huku unasugua, acha likauke. Moto na msuguano vinafanya nywele za sufu zishikane, kitambaa kinakuwa kinene kidogo na ukikikata mikanda hakichanuki nyuzi. Suti za kiume zile nyembamba laini waachie wengine, zinachanuka sana. Kata kwa kufuata uzi wa kitambaa, anza kwa kuchana kidogo kwa mkono ili uone uzi unaelekea wapi. Ukubwa wa sufu unayohitaji ni karibu mara nne ya eneo la kapeti, maana yake kapeti ya sentimita 60 kwa 90 itakula kama mita za mraba 2 na kidogo, tuseme makoti marefu mawili au matatu.

Wengine wataniuliza mbona tusinyoe kondoo wetu. Kondoo wekundu wa Kimasai tulionao huku wana nywele, sufu ya kusokota hawana, wanafugwa kwa nyama. Na shuka za Kimasai nyingi za sokoni ni akriliki, ukizikata mikanda zinachanuka. Tisheti za pamba za mitumba zinafaa sana kujifunzia maana hazichanuki na ni bei ya chini, tatizo vitanzi vyake vinalala vikikanyagwa wakati sufu inasimama tena.

Sasa kufundisha, na hapa ndo ningependa ubadilishe kabisa. Mwanafunzi asianze na tembo. Muombe seremala awatengenezee fremu ndogo, gunia la sentimita 40 kwa 40 livutwe juu yake mpaka ukiligonga na kidole litoe sauti, katikati uchore mraba wa 20 kwa 20. Mistari ya mraba ipite kwenye uzi, unaingiza ncha ya penseli kwenye mfereji kati ya nyuzi mbili unaiburuta hadi mwisho, ukichora kwa rula tu kapeti itatoka imepinda. Ndani ya huo mraba mistari iliyonyooka, duara moja na kona moja, rangi mbili, basi. Akimaliza wabadilishane, kila mtu asome nyuma ya kazi ya mwenzake na kumwambia wapi amebana na wapi ameachia, afu wafumue wote waanze tena, sufu haiharibiki. Najua watalalamika, wanataka watoke na kitu cha kuuza, lakini kile kipande wakishakipatia kinaweza kuuzwa kama cha kuwekea sufuria mezani, sufu inavumilia joto vizuri na mtalii anakiweka kwenye begi bila shida. Ndoano zikipungua, mtu wa vyuma anaweza kunoa msumari wa nchi nne akauwekea mpini wa mti, hata hao wa zamani wengi walitumia za namna hiyo.

Na hili la kusema hatujui kuchora, ni la zamani kuliko sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1860 huko Biddeford, Maine, kulikuwa na mchuuzi anaitwa Edward Sands Frost aliona wanawake wanahangaika na michoro, akakata maumbo kwenye bati, akawa anapiga rangi juu ya gunia na kuwauzia mchoro tayari. Aliwasaidia wengi sana, ila nyumba nyingi zikawa na simba na maua yaleyale, ambacho ndo kinakukuta wewe na tembo wako. Kabla yake walikuwa wanazungushia sahani, kikombe, jani la mti, na mimi nasema rudi huko. Wape karatasi na mkasi badala ya penseli. Mtu anayeogopa kuchora haogopi kukata, na mkasi kwa asili yake hautoi vitu vidogovidogo, unatoa maumbo makubwa yaliyo wazi ambayo ndo hasa mkanda wenu mpana unayataka. Jani la isale lile refu lenye ncha, jani la mgomba, tawi la kahawa na punje zake zikiwa kubwa kuliko kawaida, mlima wenyewe na vilele vyake Kibo na Mawenzi. Kila mwanafunzi ana kanga nyumbani, aifungue aangalie pindo na mji, ataona jinsi pindo linavyobeba kazi yote na katikati pakaachwa na umbo moja au mawili, huo ni mpangilio wa kapeti kabisa. Maandishi ya kanga tu ndo wayaache kwa sasa, herufi ni nyembamba.

Wakishapanga karatasi juu ya gunia wazungushie kwa kalamu ya maka, na wakati wa kuvuta mikanda mstari wa kwanza uende ndani ya mchoro, ukienda juu ya mstari umbo linanenepa. Umbo likijaa, lizungushie mstari mmoja wa rangi ya eneo linalolizunguka ili lisisukumwe, afu ndo uendelee na huko nje kwa kufuata umbo. Rangi ziwe na kiza, katikati na nuru. Piga picha kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe, maumbo yakipotea kwenye picha hata ukutani yatapotea.

Kumalizia ni fundi wa cherehani yeyote mzuri, acha sentimita 10 za gunia kila upande, apige zigizaga ili lisichanuke, likunjwe juu ya kamba na kushonewa kwa uzi wa sufu pande zote. Kapeti ikiisha ilazwe, kitambaa chenye unyevu juu, pasi ya moto ibonyezwe bila kuburutwa, usoni na nyuma, ikauke palepale ilipolala. Mwambie mnunuzi asiikung'ute wala asiifue kwa mashine, na akiiweka aiviringishe uso ukiwa nje, asiikunje.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Mwanafunzi akisikia ganzi vidoleni au maumivu ya kifundo cha mkono yanayomwamsha usiku, apumzike na aende hospitali akaonwe, asiambiwe atazoea. Anayekohoa kwa vumbi la gunia avae barakoa na kazi ya kukata mfanyie nje. Kuhusu bei, vifungashio na masoko nenda ofisi ya SIDO, lile shirika la kuendeleza viwanda vidogo, hapo Moshi ukiwa umebeba kapeti yenyewe mkononi.

Na zile za tembo ulizonazo usizitupe. Zilaze kifudifudi, tafuta palipofunikwa kabisa, fumua mstari mmoja katika kila mitatu, kitambaa chenye unyevu na pasi, laza usiku mzima, nyingi zitakubali. Palipo wazi ongeza mistari. Kucha za tembo fumua zote na ujaze rangi ya mguu. Ukishafanya mbili tatu nitumie picha, ila piga ya nyuma ya kapeti, hiyo ndo nitakayoisoma.